Mto unawezaje kuwa mtu mbele ya sheria?

SWALI: Nafundisha uraia sekondari. Darasani tulisoma habari kwamba mto mmoja huko New Zealand umetambuliwa na sheria kuwa ni mtu. Wanafunzi walicheka, kisha wakaanza kubishana, nami nikakosa la kuwaambia. Mto unawezaje kuwa mtu? Hizi si imani za jadi zilizovishwa joho la sheria? Ukifurika ukaua watu, ashtakiwe nani? Na sheria za namna hii zinasaidia lolote, au ni mapambo?

JIBU: Mwalimu, waambie wanafunzi wako wasione haya. Mwaka 1972 Christopher Stone, mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Southern California, aliandika makala akidai kwamba misitu, mito na bahari zipewe haki mahakamani, na wapo wanasheria waliocheka mpaka wakaitungia hoja hiyo mashairi ya kejeli. Leo kuna sheria na hukumu za aina hiyo Amerika, Asia, Ulaya, Afrika na Oceania. Nyingine zina nguvu, nyingine ni karatasi tu. Nitakujibu swali kwa swali, ila la jadi nitalikalia zaidi, maana ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya sheria hizi husimama na nyingine huanguka hata mwaka haujaisha.

Sheria haijawahi kudai kwamba mtu lazima awe na damu na mifupa. Kampuni ni mtu. Inamiliki ardhi, inakopa, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na hakuna aliyewahi kuiona. Utaona jengo, utamwona mkurugenzi, utaona muhuri; kampuni yenyewe huioni. Mwaka 1897 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, lilitoa hukumu ambayo mwanafunzi wa sheria hukutana nayo mwaka wake wa kwanza. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu vya ngozi mjini London, alikuwa amegeuza biashara yake kuwa kampuni. Hisa zilikuwa 20,007: yeye alichukua 20,001, mkewe na watoto watano wakapata moja moja. Biashara ikafilisika, na msimamizi wa ufilisi akataka Salomon alipe madeni kutoka mfukoni mwake, kwa sababu kampuni ile ilikuwa ni Salomon yule yule kwa jina jingine. Malodi wakakataa. Kisheria, wakasema, hao ni watu wawili, na deni la mmoja si la mwenzake.

Meli nayo. Katika sheria za bahari, anayedai malipo ya matengenezo anaweza kuishtaki meli yenyewe badala ya mwenye meli. Ofisa wa mahakama hupanda melini na, kwa desturi ya zamani, hubandika hati ya kesi mlingotini. Tangu hapo meli imekamatwa, haiondoki bandarini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Calcutta, India. Familia moja ya ukoo wa Mullick iligombana juu ya sanamu ya mungu wa nyumbani kwao. Zamu ya kuihudumia sanamu hiyo ilizunguka baina ya ndugu, na mmoja wao alitaka zamu yake ikifika aihamishie nyumbani kwake. Shauri likapanda hadi London, kwenye Baraza la Faragha, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Mwaka 1925 majaji wakaamua kwamba sanamu ile si mali ya kugawana wala ya kuhamishwa apendavyo mtu. Ni mtu kisheria, ina maslahi yake, na kwa kuwa kila ndugu ana upande katika ugomvi, iteuliwe nafsi isiyo na upande isimame mahakamani kwa niaba yake. Majaji wale hawakuwa Wahindu, na hawakuulizana kama mungu yule yupo au hayupo. Waliuliza ni nani mwenye wajibu, kwa nani, na nani aangalie wajibu huo usivunjwe.

Kwa hiyo ufundi wenyewe ni wa kale. Hata mtoto mchanga ana haki zake zote na hawezi kusema neno mahakamani, mlezi humsemea. Swali linalobaki ni kwa nini mtu ahangaike kuupeleka ufundi huo kwenye mto.

Jibu la kwanza linalotolewa vitabuni ni mlango wa mahakama. Kwa miaka mingi, ukitaka kuishtaki serikali au kampuni kwa kuharibu msitu, hakimu alikuuliza kwanza: wewe umeumia nini? Mwaka huo huo wa 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia Sierra Club, chama cha watetezi wa mazingira, ilipotaka kuzuia kampuni ya Disney isijenge kituo cha michezo ya theluji kwenye bonde la Mineral King, California. Majaji wengi walisema chama hakikuonyesha kwamba wanachama wake wenyewe wameguswa. Jaji William Douglas alipinga, akasema bonde lenyewe lingepaswa kuwa mlalamikaji, kama meli inavyokuwa. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikwenda Mahakama Kuu ya Kenya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, akatolewa kwa hoja ile ile: hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Jengo halikujengwa, lakini si kwa sababu ya mahakama.

Hata hivyo, kama shida ni mlango tu, kuna njia fupi zaidi ya kuufungua. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 70, inasema anayekwenda mahakamani kutetea mazingira halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Sentensi moja, na hakuna mto uliogeuzwa mtu. Ndiyo maana huwa sishawishiki mtu anaponiambia kwamba hadhi hii ni ya lazima ili maumbile yapate wakili.

Inachoongeza kipo mahali pengine. Kiwanda kikimwaga sumu mtoni, mwenye shamba la chini anaweza kudai hasara yake: ng'ombe waliokufa, samaki waliopotea. Akilipwa, kesi imekwisha. Kiwanda kinaweza hata kupiga hesabu na kuona kwamba kuwalipa majirani watatu ni rahisi kuliko kufunga mtambo wa kusafisha maji, na hapo mto unabaki mchafu kwa ridhaa ya kila mtu aliyekuwapo mezani. Mto ukiwa mtu, hasara inayohesabiwa ni yake, na fidia inakwenda kuurudisha katika hali yake. Hii ilikuwa sehemu nzito ya hoja ya Stone, na wengi wanaomnukuu huiruka.

Jambo la pili ni umiliki, na hapo ndipo tunapofika Whanganui, mto wa New Zealand mliousoma darasani.

Mto Whanganui una urefu wa kilomita 290 hivi. Unaanzia mlima Tongariro katikati ya Kisiwa cha Kaskazini na kumwaga maji yake katika Bahari ya Tasman. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wa pande zile huuhesabu kuwa mzee wao wa ukoo, na wana msemo unaojulikana sasa dunia nzima: mimi ndimi mto, na mto ndio mimi. Wasomaji wengi huuchukua msemo huo kama ushairi. Kwao ni maelezo ya nani anawajibika kwa nani. Kwenye maji hayo walijenga mitego ya uzio ya kunasia mikunga, na kila mtego ulikuwa na wenyewe wanaojulikana, pamoja na wajibu wa kuutunza.

Baada ya Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya machifu wa Wamaori na Uingereza, ikaja sheria ya Kiingereza, na sheria ya Kiingereza haiujui mto mzima. Inajua vipande. Ukingo ni wa mwenye shamba. Sakafu ya mto ni ya mwenye shamba la upande huu hadi katikati, na ya jirani wa ng'ambo kuanzia hapo. Maji yanayopita hayana mwenyewe. Samaki wana sheria zao. Mwishoni mwa karne ya 19 zilipoanza kupita meli za mvuke za abiria na watalii, mitego ilibomolewa ili njia ipanuke. Mwaka 1903 bunge likatangaza kwamba sakafu za mito yote inayopitika kwa vyombo ni mali ya Serikali, na haikuwapo fidia kwa waliokuwa wakiitumia. Baadaye changarawe zikachimbwa, na kuanzia miaka ya 1970 sehemu ya maji ya vyanzo vya juu ikageuzwa kwenda kuzalisha umeme katika mradi wa Tongariro.

Wenyeji walianza kupeleka malalamiko bungeni tangu karne ya 19. Mwaka 1938 walifungua shauri la kudai sakafu ya mto, likapanda na kushuka kwenye mahakama mbalimbali hadi 1962, Mahakama ya Rufani ilipolimaliza kwa kuwakatalia: kila aliyeuza ardhi ya ukingoni, ilisema, aliuza pamoja na sakafu hadi katikati ya mto. Angalia mantiki hiyo kwa jicho la mtu ambaye kwake mto ni mzee wa ukoo. Ameambiwa kwamba babu yake aliuzwa vipande vipande, nusu nusu kwa urefu, bila mtu yeyote kutia saini ya kumuuza. Mwaka 1999 baraza linalochunguza uvunjwaji wa Mkataba wa Waitangi liliona kwamba madai yao yalikuwa ya haki, na mazungumzo yakaanza upya. Makubaliano yalisainiwa 2014, sheria ikapitishwa Machi 2017.

Sheria hiyo inautambua mto kuwa kitu kimoja kizima chenye uhai, kuanzia milimani hadi baharini, pamoja na vijito vyake na vyote vilivyomo, vinavyoonekana na visivyoonekana. Kisha inasema kitu hicho ni mtu kisheria, mwenye haki, mamlaka, wajibu na dhima zote za mtu kisheria. Sehemu za sakafu zilizokuwa za Serikali zimewekwa katika jina la mto wenyewe. Watu wawili huteuliwa kuwa sura na sauti yake, mmoja akipendekezwa na makabila yenye uhusiano na mto na mwingine na Serikali, nao hufanya kazi kama mtu mmoja. Wa kwanza walikuwa Tariana Turia, aliyewahi kuwa waziri, na Turama Hawira. Serikali ilitoa dola za New Zealand milioni 80 za kufidia yaliyopita na milioni 30 za mfuko wa afya ya mto.

Sasa ile sehemu ambayo magazeti huiacha. Mashamba ya watu binafsi ukingoni yalibaki mikononi mwao. Maji yenyewe sheria haikumpa mtu yeyote, hata mto. Vibali vilivyokuwapo, pamoja na vya mradi wa umeme, havikuguswa. Na hadhi ya mtu kisheria haikutoka kwenye maombi ya wazee. Walichodai miaka yote ni mto wao na wajibu wao juu yake. Hadhi hiyo ilitoka kwa wanasheria, ikawa ndiyo njia ya kukwepa mkwamo. Serikali haikuwa tayari kusema mto ni mali ya Wamaori. Wamaori hawakuwa tayari kusema tena kwamba ni mali ya Serikali. Wakakubaliana usiwe wa mtu; ujimiliki. Nikiisoma sheria hiyo naona suluhu ya kisiasa iliyosukwa kwa ustadi mkubwa, na sioni aibu kuiita hivyo.

Hapo nakujibu kuhusu jadi na joho, Mwalimu. Kisa cha Whanganui kinakwenda kinyume na ulivyouliza: jadi ilikuwa imesimama kwa miguu yake, na lililotafutiwa nguo ni sheria ya Kiingereza, iliyokuwa haina namna ya kuuona mto mzima. Jaji wa leo halazimiki kuamini lolote kuhusu visivyoonekana, kama vile majaji wa 1925 hawakulazimika kuiabudu sanamu ya Calcutta. Kazi ya jadi ndani ya sheria hizi ni ya vitendo. Inaleta watu ambao tayari wanajua mipaka ya kitu kinacholindwa, wanaojua dalili za kuumwa kwake, na ambao wamelipigania suala hilo kwa vizazi na hawatachoka serikali ikibadilika. Mto hausemi. Bila watu hao, anayesema kwa niaba yake ni yeyote aliyeandikwa kwenye karatasi.

India inaonyesha upande wa pili. Tarehe 20 Machi 2017, siku chache tu baada ya bunge la New Zealand kupiga kura, Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand ilitangaza kwamba mito Ganga na Yamuna ni watu kisheria. Ukitafuta mizizi ya kiutamaduni hutapata mirefu kuliko hiyo. Mamilioni humwita Ganga mama. Lakini mahakama, ikitafuta walezi, iliwateua wakubwa wa serikali: mkurugenzi wa mradi wa kuusafisha mto, katibu mkuu wa jimbo na mwanasheria mkuu wake. Yaani serikali ile ile iliyoshindwa kuulinda mto ndiyo iliyokabidhiwa mtoto. Hawakuwa wameomba kazi hiyo. Waliokata rufaa ni serikali ya jimbo yenyewe, na miongoni mwa hoja zao ilikuwamo ile ya wanafunzi wako: mto ukifurika ukaua watu, ndugu wa marehemu wamdai nani fidia, katibu mkuu? Wakaongeza kwamba Ganga hupita majimbo mengine ambayo Uttarakhand haina amri juu yake. Mahakama ya Juu ya India ikasimamisha uamuzi huo Julai 2017.

Kuhusu mafuriko, basi, woga huo si wa kitoto, lakini jibu lipo. Mtu hudaiwa fidia kwa uzembe, yaani kwa kutofanya alichoweza na alichopaswa kufanya. Mto hauchagui kufurika. Aliyekata msitu wa juu, aliyefungulia bwawa usiku bila kutoa taarifa, aliyetoa kibali cha kujenga bondeni, hao ndio walioweza kuchagua, na hadhi ya mto haiwafichi. Kosa la Uttarakhand lilikuwa la uandishi: walitangaza wajibu bila kusema unaishia wapi wala fedha za kuutimiza zitatoka mfuko gani. Sheria ikimpa mlezi kazi, lazima iseme pia kwamba mlezi aliyetenda kwa nia njema hatalipa kutoka mfukoni mwake. Vinginevyo nani atakubali?

Sasa swali lako la mwisho: zinasaidia? Hapa sina jibu moja, na ninakuomba usimwamini anayekupa moja.

Kolombia, mwaka 2016, Mahakama ya Katiba iliutambua mto Atrato, ulioko mkoa wa Chocó, kuwa ni mwenye haki. Kesi ilifunguliwa kwa ajili ya jamii za watu weusi na wenyeji wa asili wanaoishi kando yake, mto ukiwa umejaa zebaki na tope la mashine za kuchimbua dhahabu kwenye sakafu yake. Mahakama ilisema haki za mto na haki za tamaduni zinazoishi nao haziachani, ikaamuru serikali na jamii wateue walezi. Jamii hazikutaka kuwakilishwa na mtu mmoja. Walitoa walezi kumi na wanne, mwanamke na mwanamume kutoka kila moja ya mashirika yao saba. Naona huo ni uamuzi wa busara. Lakini uchimbaji haramu umeendelea, kwa sababu wenye mashine hizo wanalindwa na bunduki, na hati ya mahakama haisimamishi bunduki. Walichopata wale walezi ni nafasi ya kuibana serikali kwa hati mkononi.

Ekwado ndiyo iliyotangulia wote kwenye katiba, mwaka 2008. Ibara ya 71 inasema maumbile, au Pacha Mama kama wanavyomwita watu wa Andes, yana haki ya kuheshimiwa kuwapo kwake, na mtu yeyote, jamii yoyote au taifa lolote la wenyeji linaweza kudai haki hizo zitekelezwe. Wengi walidhani ni maneno ya sherehe. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikaitumia ibara hiyo kufuta vibali vya uchimbaji madini katika Los Cedros, msitu wa mawingu kaskazini mwa nchi wenye nyani adimu na aina nyingi za okidi na vyura. Los Cedros inaisumbua kidogo hoja yangu ya mizizi. Pale kilichozungumza kwa sauti kubwa zaidi ni ushahidi wa wanabiolojia. Lakini mizizi ilikuwa imefanya kazi yake miaka 13 kabla, ndani ya katiba, pale harakati za wenyeji wa Andes zilipolisukuma wazo hilo hadi likapigiwa kura ya maoni na kupita.

Na kuna Mar Menor, Hispania. Ni ziwa la chumvi la kilomita za mraba 135, lililotengwa na Bahari ya Mediterania kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Mbolea za mashamba ya jirani ziliingia humo miaka mingi, mwani ukastawi, hewa ya majini ikaisha, na mwaka 2019 na tena 2021 samaki wakafa kwa tani na kutupwa pwani. Watu walishika mikono kulizunguka. Teresa Vicente, profesa wa sheria Murcia, aliongoza ukusanyaji wa saini, zilizohitajika zikiwa 500,000. Zikapatikana zaidi ya 600,000, na sheria ikapita mwaka 2022, ya kwanza ya aina yake Ulaya. Chama kimoja cha siasa kiliipinga mahakamani, na Mahakama ya Katiba ikaithibitisha mwaka 2024. Hakuna kabila la kale lililodai Mar Menor kuwa babu yake. Walikuwapo watu waliojifunza kuogelea humo utotoni na waliona kwa macho yao linavyokufa. Kwa hiyo nikisema mizizi ya kiutamaduni, simaanishi lazima iwe ya miaka elfu. Namaanisha iwe hai, na wenye nayo wawe tayari kutoka nyumbani kwa ajili yake.

Zilizoanguka nitazipitia upesi. Mji wa Toledo, Ohio, ulipiga kura Februari 2019 kulipatia Ziwa Erie haki zake, baada ya mwani wenye sumu kuwanyima wakazi maji ya bomba kwa siku kadhaa mwaka 2014. Mkulima alifungua kesi mara moja, na Februari 2020 jaji wa serikali kuu akaifuta sheria hiyo ya mji, akisema maneno yake hayaeleweki kiasi cha mtu kujua lini amevunja sheria. Alikuwa na hoja. Ilisema ziwa lina haki ya kuwapo na kustawi. Mkulima aliye mbali na ziwa atajuaje gunia lipi la mbolea limevuka mpaka? Uganda, katika Sheria ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inatambua haki ya maumbile kuwapo na kuendeleza mizunguko yake ya uhai, na mtu anaweza kushtaki haki hiyo ikivunjwa, ila waziri ndiye wa kutaja kwa kanuni maeneo ya hifadhi ambako haki hizo zitahusu. Haki inayosubiri orodha ya waziri ni haki yenye subira nyingi mno.

Kuna hatari mbili ambazo ningependa wanafunzi wako wabishanie, kwa kuwa zinawagawa hata watetezi wa sheria hizi. Moja ni kwamba kitu kikiwa mtu, kinaweza kutumika kuwafungia wengine mlango. Katika hukumu ya 2019 kuhusu Ayodhya, kiwanja kitakatifu kilichogombaniwa na Wahindu na Waislamu, Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba mungu wa hekaluni ni mtu kisheria kama kawaida, lakini ikakataa kukipa kiwanja chenyewe hadhi hiyo, kwa sababu ardhi ikishakuwa mtu madai ya wengine wote juu yake yanakufa bila kusikilizwa. Mchungaji au mvuvi maskini anaweza kujikuta ni mvamizi mbele ya msitu wenye wakili mzuri.

Nyingine ni kwamba jamii yenye mizizi haisemi kwa sauti moja. Te Urewera, msitu mkubwa wa New Zealand uliokuwa hifadhi ya taifa tangu 1954, ulifanywa mtu kisheria mwaka 2014 na kurudishwa katika malezi ya watu wa Tūhoe, kabila la Wamaori. Mwaka 2022 taasisi ya Tūhoe ilianza kubomoa na kuchoma vibanda vya wapanda milima vilivyojengwa enzi za hifadhi, zaidi ya 40, ikisema vimechakaa na si vyao. Aliyekwenda mahakamani kuwazuia alikuwa Mtūhoe mwenzao, akasema kwake na kwa jamaa zake vibanda vile ndiyo njia ya kuufikia msitu wa mababu. Mahakama Kuu ikaona ubomoaji haukufuata sheria, kwa kuwa mpango wa kazi wa mwaka uliotakiwa haukuwapo. Zingatia kilichoamua kesi: hakuna aliyehitaji kumwambia jaji msitu unataka nini. Ulitakiwa mpango, haukuwapo.

Ndiyo maana mtu akiniletea rasimu ya sheria ya namna hii, utangulizi wake mzuri nausoma mwisho. Natafuta kwanza mlezi anateuliwaje na anaondolewaje, analipwa na nani, na kama raia wengine wanaweza kwenda mahakamani mlezi akilala. Natafuta mipaka: mto ni maji tu, au na vijito, kingo na ardhi oevu? Halafu nakwenda moja kwa moja kwenye vibali vilivyopo, maana hapo ndipo wenye nguvu hujificha. Whanganui hawakuvigusa vibali vya mradi wa Tongariro, na wapo waliowalaumu kwa hilo. Lakini vibali vina tarehe ya mwisho. Siku mwenye mitambo atakapoomba upya kuyachukua maji ya vyanzo, atakuta kwenye shauri hilo mhusika ambaye hakuwapo alipoomba mara ya kwanza, mwenye jina lake, wasemaji wake wawili na mfuko wake. Hapo ndipo nitakapojua kama sheria ya 2017 ina meno, na kama bado utakuwa unafundisha, niandikie tena tuisome hukumu pamoja.